Mchi wa Pili

Jumatatu, 6 Januari

Karanga tena. Nimezikaanga kwa moto mdogo, nimezifikicha, nimepepeta maganda uani. Umeme umekatika, blenda haina kazi. Nimetwanga kwenye kinu mpaka mafuta yakatoka. Chumvi kidogo, halafu stivia, ule unga mtamu kutoka duka la Mhindi karibu na stesheni. Sukari hapana. Asali ipo ndoo nzima ndani, nayo hapana. Bibi ana kisukari, kimeshamla macho.

Alilamba, akasukuma sahani. Alisema mwisho wake ni mchungu. Ni kweli.

Mama yuko Igunga kununua mchele. Tumebaki wawili.

Jumanne, 7 Januari

Bibi hajala. Mayai amekataa, mchicha amekataa. Muuguzi alituonya: dawa asikose, lakini akiimeza bila kula anaweza asiamke. Wiki iliyopita alizimia. Naogopa.

Nimepunguza stivia, nimeziacha karanga motoni mpaka zikawa kahawia. Ladha imekuwa nzuri. Nilipokuwa natwanga, Bibi aliuliza kutoka chumbani ninatwanga na nani. Nikajibu niko peke yangu.

"Michi ni miwili," alisema. "Mimi kipofu, mjukuu wangu, siyo kiziwi."

Jumatano, 8 Januari

Nimeusikia.

Nikiinua mchi wangu, mwingine unashuka. Kama watu wawili wanaopokezana. Niliacha. Ukapiga mara moja zaidi.

Uani hapakuwa na mtu. Majirani wote wako shambani. Karanga zimelainika kuliko siku zote. Sikutaka kuzigusa.

Bibi bado hajala. Dawa sijampa. Hawezi tena kukaa bila kuegemea ukuta.

Nilimpigia Mama simu. Akauliza kama nimemtengea Kulwa chakula. Kulwa ni pacha wa Bibi. Alifariki wakiwa wasichana wadogo. Bibi ndiye Doto, aliyezaliwa wa pili. Mama anasema walitwanga kwenye kinu kimoja, na Doto alikuwa hali mpaka Kulwa aonje. Bibi akizidiwa hurudi huko utotoni.

Kinu ni hiki hiki.

Alhamisi, 9 Januari

Sahani mbili. Ya Kulwa kwanza, mkekani. Bibi alisikiliza kwa muda mrefu.

"Hajaonja," alisema.

Midomo yake ilikuwa imekauka. Nilimwomba ale. Nilimwomba tena. Nililia. Akageuza uso, akanielekea mimi kabisa kwa macho yale yasiyoona.

"Kulwa, onja basi. Nina njaa."

Shuleni nilishindwa hata kuitika jina langu kwa sauti. Leo nilishindwa kusema mimi siye. Nikachovya kidole kwenye sahani ile, nikalamba. Tamu, halafu chungu.

"Tamu, Doto," nikasema.

Sijui kwa nini nilimwita hivyo. Sijawahi kumwita Bibi kwa jina.

Alikula yote. Akalamba kijiko. Nikampa dawa.

Jumamosi, 11 Januari

Mama amerudi, umeme pia. Muuguzi amepima, sukari ya Bibi imetulia. Blenda Bibi ameikataa, kwa hiyo nimetwanga. Mchi mmoja tu. Nilipoacha, ukaacha.

Nilionja kwanza, Bibi akala.

Mama anasema aliniita Neema mara tatu nikiwa kinuni. Sikumsikia. Bibi aliita Kulwa mara moja, kwa sauti ndogo, kutoka ndani.

Niliitika.