Gundi Nyeusi Juu ya Jina Lako

Mpendwa Mjomba Idrisa,

Wewe uliyezoea kunikatiza kabla sijamaliza sentensi ya kwanza, leo utanisikiliza hadi mwisho.

Nakumbuka baridi ya mwaka 2011, jikoni kwako mtaani Flemingdon Park, huku ughaibuni, tulipofungua ile sinthesaiza kuukuu, kinanda cha umeme kilichokataa kutoa sauti. Kichujio chake, ambacho ndicho hasa huupa mlio tabia yake, kilikuwa kimezamishwa ndani ya gundi nyeusi, ngumu kama jiwe. Waliokiunda walifanya hivyo makusudi, washindani wao wasione kilichomo. Nikapekua majarida ya zamani maktabani, nikarudi na mchoro wa kichujio cha kampuni hasimu. Ulichimbua gundi ile siku tatu. Chini yake tukakuta saketi ileile, transista kwa transista.

Nikatangaza kwamba hao walikuwa wezi, na kwamba tasnifu yangu ingewaumbua. Ulicheka hadi miwani ikakuteleza.

"Kuiga si aibu, Bwana Profesa. Mimi ufundi wote nimeiga. Aibu ni hii gundi."

Tulibishana mpaka mkaza mjomba akatuondolea chai. Kisha ukaichora saketi nzima upya kwa mkono wako, ukaunda kichujio kingine, na sauti ikatoka nene, ikatetemesha vikombe kabatini.

Mchoro wako niliutia katika tasnifu. Kwa sura nzima niliilaani kampuni iliyoficha ilikojifunzia. Jina lako sikuliandika popote. Siku ya mahafali uliufungua ukurasa ule, ukautazama kitambo, ukasema mchoro umetoka safi. Kwa kiburi changu nilidhani unanisifu mimi.

Juzi, baada ya arobaini yako, mkaza mjomba alinikabidhi chombo kile. Ulikuwa na desturi ya kuandika kwa penseli, ndani ya kifuniko, jina la kila aliyekufunza ulichotengeneza. Nilikifungua nikitaraji mafundi wako wa Tanga. Walikuwepo. Chini yao uliandika: "Kichujio: nimeelekezwa na mpwa wangu."

Nimeiandikia maktaba ya chuo kuomba ukurasa wa masahihisho. Wakikataa, wasomaji wa barua hii na wawe mashahidi: mchoro ule ni wa Idrisa, fundi. Kwamba waliiga kwa wizi, ningali nashikilia. Kuhusu gundi, Mjomba, ulinishinda, nami nakushukuru.

Pumzika kwa amani.

Mpwa wako,
niliyefundishwa nawe