Daktari mpya wa Vernon

Darlene, nimejiaibisha klabuni leo. Nalia kwenye kigari cha gofu.

Si unajua leo ndiyo mwisho wa sisi wastaafu kuchagua bima na daktari? Mume wangu kamuacha Dakta Petrie! Miaka kumi na moja katutibu sote wawili! Tumekaa meza moja tunajaza fomu, kumbe kaandika mwingine, hospitali nyingine kabisa, bila kuniambia.

Nikapayuka mbele ya watu: “Vernon, siku hizi tunatibiwa mbalimbali? Umempata nani huko?”

Akanivuta pembeni. “Lorna, huyu anatibu wazee wanaoanza kusahau. Nimetaka nimchague mwenyewe, kabla hujanichagulia wewe.”

Kabla hujanichagulia wewe, shoga!

Nimerudi mezani nikamfuta Petrie kwenye fomu yangu pia. Tutakwenda wote, angali anajua aliyefuatana naye ni nani.