Mandarini Nyekundu za Matanga

Baraka, tarehe 9 Agosti

Kwako Yaya Dorothée, dada yangu mkubwa,

Kabla ya neno lolote nauliza hali ya mtoto mchanga, kwa maana wewe na shemeji Eddy mmezoea kuvumilia, lakini yeye hajauzoea bado upepo wa Kalemie. Ananyonya vizuri? Na ule mguu wako uliokuwa umevimba, umepona? Huku sisi tu wazima. Vumbi la kiangazi limetufunika, samaki wetu wadogo, ndakala, wamekuwa haba sokoni, nami napumua, nakula, nasoma. Kwa upande wa mwili sina la kulalamikia.

Najua ungependelea nipige simu. Lakini kwenye simu ungenikatiza, ungelia, ungenitajia mistari ya Biblia, nami ningekujibu, na tungeishia kubishana juu ya Mtume Paulo badala ya jambo lenyewe. Barua haikatizwi. Basi mlaze mtoto, unisome hadi mwisho.

Uzazi ulikuzuia kuja kuondoa matanga ya Mama, na nasikia watu wamekwisha kukusimulia kicheko kilichotokea kule kijijini Nundu. Wamekusimulia mkia, mnyama mzima ninaye mimi.

Unakumbuka Mama alipolazwa mwaka jana. Chakula kilimshinda, hata uji. Alichotamani ni tunda moja tu la mandarini nyekundu ya Baba, ule mti ambao marehemu Baba aliuotesha kwa mkono wake nyuma ya nyumba, na ambao baba mdogo Mutambo aliutwaa pamoja na shamba tulipomaliza tu kumzika kaka yake. Jambo hili sikukuambia: nilikwenda kumwomba tunda hilo. Nilipiga magoti, Yaya, mimi ambaye sikuinamisha kichwa hata mbele ya jopo la maprofesa. Alinijibu kwamba matunda yale yamewekwa kwa ajili ya wageni wakubwa, na kwamba mgonjwa aliyeshindwa na uji hawezi kuyaweza mandarini. “We mutoto wa masomo mingi,” akasema, “enda ununue ndizi kwa soko.”

Mama alifariki bila kuonja. Na siku ya kilio, hilo uliliona kwa macho yako, Mutambo alikuja na kikapu kizima cha mandarini zile zile, akawagawia waombolezaji, nao wakamsifu kwa ukarimu wake. Hata wewe ulikula moja, kwa kutojua. La kwangu nililikamua mkononi mpaka likapasuka. Hapo ndipo nilipoapa.

Baadaye kidogo nikapata kazi. Bibi mmoja wa Bukavu, Clarisse, mwenye kitalu cha miche, alinituma kutafuta na kutambua machungwa adimu ya ganda jekundu katika Fizi yote. Usidhani ni kazi ya kuokota. Watu huona rangi, hawaoni ukoo. Kule Minembwe mama mmoja mfugaji, Mukankuranga, aliniletea machungwa yaliyoiva kwa wekundu wa kupendeza, nami nikamweleza kwamba ule ni wekundu wa baridi ya usiku, na kwamba mche uo huo ukishushwa ziwani utazaa manjano kama mingine yote. Akacheka, akaniambia kwamba basi bibi wa Bukavu anunue baridi yao, iko tele. Sokoni Baraka waliniletea ndimu nyekundu, ambayo kwa ganda ni pacha wa mandarini, ila ukiionja masikio yanasimama. Nilipanda, nilishuka, nilionja hadi ulimi ukachubuka. Mti wenye ganda jekundu katika joto la ziwani, na utamu ndani yake, niliupata mmoja tu. Ulikuwa wa Baba. Clarisse aliniahidi kwamba atakayeutambua ndiye atakayeupa jina. Nilichagua jina la Mama: Pulchérie.

Sasa elewa jinsi mti ule ulivyokuwa, kwa maana kisasi changu kilikaa humo. Baba hakuupanda kwa mbegu. Alichukua jicho la mandarini tamu akalibebesha, yaani akaliunganisha, juu ya shina la ndimu nyekundu, kwa kuwa mizizi ya ndimu huvumilia kiangazi. Ilikuwa miti miwili katika ngozi moja. Enzi za uhai wake alikata kila chipukizi lililotoka chini ya kovu la maungio. Mutambo hakujua hata kwamba kovu lipo. Machipukizi ya ndimu yakanenepa, yakazaa matunda yenye sura ile ile, na kikapu chake kikaanza kuchanganya matamu na makali. Unajua alimlaumu nani? Wanawake. Mwanamke akipanda juu ya mti, matunda hukasirika, ndivyo alivyofundishwa na wazee. Basi akamshutumu mkewe, mama mdogo Fanny, akauzungushia mti uzio wa miiba, akatia na kufuli.

Mvua zilipoanza nilikwenda kumsalimu. Alinipokea kwa heshima, kwa sababu habari za bibi wa Bukavu zilikuwa zimemfikia. Nilimwomba vikonyo vichache, vijiti vya kubebeshea, vya matawi ya juu, akanipa, kisha akataka shauri langu kama malipo. Juu kunaanza kukauka, alisema, na chini ni kubichi. Akate wapi ili avune zaidi? Nilimjibu kwamba matawi ya chini ni machanga, yana nguvu, na yatazaa kuliko ya juu. Bishana nami hapo, Yaya, ukiweza. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliniuliza wingi, nikamjibu wingi. Utamu hakuuliza. Akaleta msumeno mbele yangu, akakata chini kidogo ya kovu la Baba, na mama mdogo akapikia mihogo kwa kuni zile.

Usishtuke bado. Vikonyo vyangu nilivibebesha kwenye miche ya ndimu, nikaipanga katika viriba vya plastiki nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Baraka, na vikashika. Mti wa Baba ulikuwa umehama kutoka kwa mnyang'anyi kuja kwa mwana. Nilijiona hakimu mwadilifu.

Yakafika matanga. Mwaka huu Mutambo hakumruhusu mtu yeyote kuonja, hata yeye mwenyewe hakuonja, ili kikapu kiingie kimejaa mbele ya wakubwa wote. Kiliingia. Matunda yalikuwa mazuri kuyatazama, nakiri. Mchungaji alimenya la kwanza, akalibariki, akalitia kinywani, akafumba macho kwa namna isiyokuwa ya sala. Wengine wakafuata, na uwanja mzima ukakunja uso. Mama mmoja akauliza kwa sauti: “Baba Mutambo, hii iko mandarini ao dawa ya minyoo?” Mwingine akataka kujua safari hii ni mwanamke gani aliyepanda. Ndipo mama mdogo Fanny, ambaye tangu nilipokuwa mtoto sijamsikia akimjibu mumewe, akasema: “Mi sikupanda. Uzio iko yako, na kifunguo iko kwa mufuko yako.” Bamama walicheka hadi wakashikana mabega.

Mutambo hakukimbia. Alichukua tunda, akalimenya taratibu, akalila lote mbele ya watu bila kupepesa jicho, kisha akanijia na kuniambia chini kwa chini kwamba nilijua. Nikamjibu kwamba angeweza kwenda kununua ndizi kwa soko. Sitakudanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilishiba.

Na kosa langu lilizaliwa katika shibe hiyo. Nilipaswa kurudi Baraka kesho yake. Nikabaki. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, kila mahali wakinisimulia upya sura ya Mutambo, nami nikiwasahihisha pale waliposahau kitu. Guy, jirani yangu, alikuwa amejitolea kunimwagilia miche, lakini nilikuwa nimemkatalia, kwa kuwa humwaga maji kama mtu anayezima moto, na nilitaka pasiwe na mkono mwingine juu ya mti wa Baba. Kiangazi ni kiangazi. Niliporudi, majani yalikuwa yamekunjamana kama tumbaku. Nilikwaruza kila kikonyo kwa ukucha, nikitafuta kijani chini ya gamba. Vyote vilikuwa kahawia. Chini ya maungio tu ndiko ndimu zilikuwa hai, zenye nguvu, zikichipua.

Basi hakuna tena mandarini nyekundu ya Baba. Mutambo aliikata kwa ujinga wake na kwa shauri langu. Masalio yake niliyaua mwenyewe, kwa kukaa kumcheka. Usiniandikie kwamba kisasi ni cha Bwana. Aya hiyo naijua, na hata leo Mutambo akiniuliza wingi nitamjibu wingi.

Ila wiki ijayo Clarisse anakuja kuchukua miche. Nikimwambia ukweli atajua kwamba mti ulikuwepo na niliupoteza, na atauliza ni kwa nini, na nitalazimika kumtajia Mama. Hilo siwezi. Nitamwambia kwamba nilikosea kutambua: kwamba mti wa Nundu ulikuwa ndimu nyekundu tangu mwanzo, na kwamba ulimi wangu ulinidanganya. Mimi, ambaye sijawahi kukubali kosa mbele ya mtu yeyote, nitaungama kosa nisilolitenda, na jina la Mama halitaandikwa juu ya mti wowote.

Nisalimie shemeji Eddy na watoto wote, mdogo umbusu kwenye paji. Mama mdogo Fanny anakusalimu sana. Siku hizi anacheka hadharani. Usinitumie jibu upesi. Nipe muda wa kulistahili.

Ndimi mdogo wako,
Anatole