Ganda Jipya la Ngoma za Verdell

Jumanne, 1 Machi 2011

Verdell Hargrove kaja leo na ngoma zake tatu ndani ya gari, kazifunika mablanketi kama watoto wachanga. Theluji bado imejaa uani. Kazibeba mwenyewe mpaka bandani — mwanamke wa miaka sitini na sita! — na hata ile kubwa ya kupigwa kwa mguu hakukubali niiguse.

Anataka nizivue ganda la plastiki linalofunika mbao na kuzivisha jipya. La zamani limepasuka, limenyanyuka kwenye kiungo kama ukucha uliokufa. Fundi mmoja wa huku Toledo na mwingine wa Detroit wamemshauri aziuze, anunue mpya. Akasema hakuja kwangu kutafuta ushauri wa tatu.

Nilikubali kabla hajamaliza. Nimezunguka na bendi miaka sita, nimesikia wapigaji wa kila mji, na bado sijasikia wa kumfikia huyu. Sijawahi kumwambia hilo. Yako mengi sijamwambia.

Alhamisi, 3 Machi

Nilidhani ataziacha kwangu aondoke. Wapi! Saa tatu asubuhi yuko mlangoni na chupa ya kahawa. Anasema ngoma zake hazivuliwi nguo mbele ya mwanamume bila yeye kuwepo.

Tukafungua skrubu, tukatoa vishikio vya chuma. Chini ya kila kishikio, alama safi — rangi ya fedha inayometa! Kwingine kote ni dhahabu, kama bia. Akainama akaangalia muda mrefu.

"Nilinunua za rangi ya fedha," akasema. "Moshi wa baa ndio uliozifanya dhahabu. Mwenyewe nimeshasahau."

Basi tutavisha fedha. Nimeagiza leo leo.

Jumamosi, 5 Machi

Kuvua. Kazi ya subira: unapuliza joto, unainua kidogo kwa kisu butu, unapuliza tena. Ukiharakisha, ganda linaondoka na mbao. Ile ndogo ilitoka kama ganda la chungwa. Ya sakafuni, ile inayosimama kwa miguu yake, iling'ang'ania, mikono ikaniuma.

Halafu hili, na lazima niliandike. Mizinga mitatu, yaani miili ya ngoma, imebaki mbao tupu mezani. Verdell akapita akiigonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Kwenye ya sakafuni akasimama. Akasema hapa tabaka za mbao zimeachana. Mimi nikaangalia kwa taa, nikapapasa, sikuona kitu. Nikamwambia iko sawa.

"We Lucius, masikio yako uliyaacha kwenye basi la bendi?"

Nikaingiza wembe mwembamba pale alipoonyesha. Ukazama nusu kidole. Ufa wote ule, na nje haupo! Nikatia gundi, nikabana kwa vibano sita. Fundi ni mimi, eti.

Jumatatu, 7 Machi

Kukwangua gundi ya zamani. Msasa, vumbi, kikohozi. Anapiga msasa kwa mkono wa kushoto, mwendo mmoja, hauchoki. Nilisahau kazi yangu nikimtazama.

Ijumaa, 11 Machi

Samaki wa Ijumaa ya Kwaresima kwenye ukumbi wa parokia, na saladi ya kabichi. Nilimwalika, akaja. Nikamuuliza — sijui kwa nini nilimuuliza — ule mkono wa kushoto kaupata wapi.

Akafuta vidole, akanieleza taratibu. Agosti 1966, siku Clifton Mabry alipotupima sote wawili kwa ajili ya bendi yake, akanichukua mimi. Hakumwambia sababu. Verdell akarudi nyumbani akaupiga ule wimbo wa majaribio tena na tena, akitafuta alipokosea. Akaamua ni mkono wa kushoto: kwenye mzunguko wa mwisho ulichelewa. Kuanzia hapo, kila siku saa nzima kabla ya zamu kiwandani, mkono wa kushoto peke yake. Miaka thelathini na moja ya kiwanda cha plagi za magari. Na baada ya kustaafu hajaacha.

"Siku moja nitaupiga sawa," akasema, akacheka.

Samaki alinishinda. Nikasingizia tumbo.

Jumamosi, 12 Machi

Hakuja leo, ana mazoezi ya kwaya. Afadhali.

Niandike basi, hakuna anayesoma. Hakuchelewa. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake na hakuchelewa hata nukta. Alipomaliza, wapiga tarumbeta walibaki wanatazamana. Mabry akanivuta nje kwenye ngazi, akaniambia anamtaka yule binti, ila nimweleze, namfahamu? Nikasema namfahamu. Nikasema anaolewa Oktoba, hatamaliza hata msimu.

Hakuwa na mchumba. Aliolewa mwaka sabini na tatu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilitaka lile basi kuliko kitu chochote. Mabry amekufa. Aliyebaki anayejua ni mimi.

Ule mkono ninaousifu kila siku — ameutengeneza kwa kurekebisha kosa ambalo halikuwepo.

Jumatano, 16 Machi

Plastiki imefika. Fedha hasa, inameta mpaka dari la banda limejaa vidoa vya mwanga. Verdell akapiga makofi. Ndogo na ya sakafuni tumezivisha leo, kiungo hata hukioni. Amezizungusha mezani kama anayechagua tikiti sokoni, akasema kazi safi. Kwangu sifa hiyo imekuwa mzigo.

Kesho ile kubwa. Ganda lake karibu mita mbili, haliwezi kufungwa na mtu mmoja. Gundi ya aina hii, ukigusisha umegusisha, hakuna kusogeza.

Jumapili anazipigia kanisani.

Alhamisi, 17 Machi

Naandikia juu ya ndoo, bandani.

Tulipaka gundi mbaoni na kwenye plastiki, nikafungua mlango harufu itoke. Inabidi kusubiri dakika kumi na tano, ishirini, mpaka kidole kisinate. Tulikaa. Akaanza kupigapiga goti — kushoto, mzunguko wa mwisho. Ule ule.

Nikasema, "Verdell, acha. Hukuchelewa siku ile."

Akasema ninajuaje.

Nikamwambia. Ngazi, Mabry, Oktoba. Sikupamba wala sikujitetea. Alinisikiliza kama alivyousikiliza ule mzinga wenye ufa, kichwa kimeinama upande. Mkono wake ulikuwa umetulia gotini.

Akauliza jambo moja. "Alinitaka?"

"Alisema, 'Namtaka yule binti.' Maneno yake."

Akasimama, akavaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. Akatoka. Nikasikia gari likiwaka.

Hiyo ni dakika kumi zilizopita. Kutoka hapa namwona kupitia kioo cha mbele cha gari. Hajaondoka. Mikono yote miwili iko juu ya usukani. Niende? Nikienda nitamwomba anisamehe, na hapo nitakuwa namwomba tena kitu. Sitaenda.

Dakika kumi na tatu. Anaongea peke yake, au anaimba. Midomo inakwenda.

Kumi na sita. Kidole hakinati tena. Gundi iko tayari, ikizidi nusu saa imeharibika, na plastiki ya pili sina.

Gari limezimwa.

Ameegemeza kichwa kwenye kiti. Mkono wa kushoto umeinuka, unapiga usukani — polepole, halafu kwa kasi yake, mpaka mzunguko wa mwisho, ukapita. Akarudia. Akarudia tena. Mungu wangu, mkono ule!

Kumi na tisa. Mlango wa gari umefunguka. Mguu mmoja uko kwenye theluji.