Moshi wa Jiko la Nassor

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeamka, nimesali, nimekunywa chai ya rangi, nimemwagilia mdimu. Siku za eda ndivyo zilivyo, zote mamoja. Sitoki nje ya ukuta, sijifukizi udi, sijipaki mafuta mazuri. Sinung'uniki. Nassor alikuwa mume wangu na hii ni haki yake.

Mke wa Hamoud kanipigia simu. Alkhamisi timu ya taifa inacheza, lakini safari hii wanaume wameamua hawachomi mishkaki. Kwa heshima yangu, ati. Kila mechi, miaka nenda miaka rudi, Nassor na Hamoud na wenziwao huegesha magari pale uwanjani, hufungua mabuti, na Nassor husimama mbele ya jiko lake la mkaa akiwalisha watu, hata asiowajua. Leo kafa, basi na jiko lizimwe? Nimekereka. Nimesema haya, ahsante, nikakata simu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwambia Khalfan, mwanangu, achome yeye mahala pa baba yake. Kakataa. Hawezi kusimama pale, kasema, nisimwombe tena. Jiko liko gereji chini ya shuka tangu maziko, na yeye siku hizi analaza gari nje ya geti. Nilidhani uvivu. Kumbe haingii mle kwa sababu ya jiko.

Na bado nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia baba yako angeona haya kuwa na mtoto muoga. Kaondoka kwenda kazini Maskati bila ya kunywa chai.

Mdomo wangu huu!

Jumatatu, 10 Novemba

Wifi yangu Thuwaiba, dada yake Nassor, keshasikia. Kaja mbio kutoka Matrah mpaka huku Al Amerat kunisema. Mjane yumo edani anapanga karamu ya mpira, watu watasemaje? Nikamwambia si karamu, na mimi siendi popote. Nataka tu moto wa kaka yake uwake. Akalia. Na mimi nikalia. Siwezi kumkasirikia, kafiwa na ndugu yake. Lakini kaondoka hajakubali.

Nna jambo sijamwambia mtu. Nassor akirudi uwanjani alikuwa ananuka moshi mwili mzima, mpaka ndevu. Kila mara nikimwambia, koga kwanza bwana wee, mto wangu safi. Naye akicheka, akanikumbatia makusudi. Siku za msiba watu walizifua nguo zake zote, kwa wema wao. Nimezitoa kabatini moja moja nikazinusa. Sabuni tupu.

Nnaitaka ile harufu. Basi, nishasema.

Jumanne, 11 Novemba

Khalfan kapiga simu kutoka sokoni Matrah. Hata salamu hakutoa vizuri, kauliza tu, Mama, vijiti vya chuma au vya mti? Vya chuma, nikamwambia, vya mti baba yako alikuwa akivicheka.

Nikakaa kitako sakafuni, simu mkononi. Alhamdulillahi.

Jumatano, 12 Novemba

Siku njema. Nyama ya ng'ombe, paja, haina mafuta mengi. Tumekata pamoja vipande vidogo vidogo, tukatia thomu, tangawizi, ndimu na pilipili manga. Chatne ya ukwaju nimepika mwenyewe. Papai bichi la kulainisha nyama litiwe kesho asubuhi, nikamwambia, na liwe kidogo tu.

Nimemwomba radhi kwa lile neno la Jumapili. Kasema hakulisikia. Mwongo mkubwa. Kanibusu kichwa.

Alkhamisi, 13 Novemba, asubuhi

Balaa. Khalfan katia papai jana, mimi nishalala. Alitaka nisichoke leo. Na katia papai zima! Nyama imekuwa uji. Ukiitunga kwenye kijiti inadondoka.

Kakaa chini jikoni, mikono imejaa nyama, akalia kwa kwikwi. Hakulia msikitini, hakulia makaburini, leo analia kwa papai. Nikakaa naye sakafuni. Sikumwambia nyamaza.

Tumo katika hali ile Thuwaiba akaingia. Alikuja kugomba tena, namjua. Akatutazama, akachungulia bakuli. Akavua pete zake, akaziweka dirishani. Hii tena si mishkaki, kasema, hii kababu. Leteni mayai na chenga za mkate.

Alkhamisi, jioni

Kababu laini namna ile hazibebeki mbichi mpaka uwanjani. Ilibidi zichomwe hapa hapa nyumbani. Khalfan akaenda gereji. Alikawia mle, nikaogopa. Akatoka na jiko kalikumbatia, akaliweka uani, akalipanguza, akawasha mkaa.

Alikosea mwanzo, moto mwingi. Kisha akasukuma makaa upande mmoja, kichwa kakiinamisha vile vile kama baba yake. Hakujijua. Moshi ukajaa ua mzima. Thuwaiba akakohoa, akatutukana sote. Mimi nikasimama pale upepo unapoelekea, nikajifanya nageuza kababu.

Ya kwanza kala Thuwaiba. Chumvi haikukolea, kasema, kisha akachukua nyengine.

Jiko lilipopoa, Khalfan kalipakia garini pamoja na masufuria, akenda zake. Kaniletea picha kwa simu. Jiko liko mahala pake, limewashwa tena, kababu zinapashwa moto. Hamoud kashika mbili, machozi yanamtoka, anacheka. Khalfan yuko mbele, pepeo mkononi. Kasimama mwanangu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimesali. Nimemwagilia mdimu. Gari limo gereji.

Khalfan bado kalala. Jana karudi ananuka moshi mpaka nyusi. Nilifungua mdomo nimwambie koga kwanza, nikaufunga. Mechi tumefungwa, kasema. Hewallah, nikamjibu, ndio mpira.

Thuwaiba alilala hapa. Asubuhi kakusanya nguo za kufua, kauchukua na mtandio wangu wa jana. Akaunusa. Akanitazama. Akaurudisha juu ya mto wangu, akenda na zilizobaki.

Udi nimekatazwa, na mafuta mazuri. Moshi sijasikia mtu akiutaja. Nimejilaza tena kidogo, shavu juu ya mtandio.