Paa Lililobonyea

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na mama mzima, ukiacha lile goti lake la kushoto ambalo unajua linavyopenda kudeka. Wewe je? Vile vidole viwili bado vinagoma kukunjika asubuhi za baridi? Usinijibu kwamba hujambo tu, kama unavyomwandikia mama. Niambie ukweli, maana na mimi leo nina ukweli wangu, tena mtamu, mpaka naandika huku nacheka peke yangu kama mwehu. Kama umesimama, tafuta pa kukaa.

Binti wa baba mdogo ameingia kidato cha kwanza katika shule yetu, na anayewafundisha fizikia ni mimi. Mdogo wetu huyu bado ni yuleyule uliyempachika jina la Bi Kwanini alipokuwa hajaota meno ya mbele. Hapokei jambo mpaka aulize, na walimu wenzangu wengine wanampita mbali kwenye korido. Mimi nilipomwona kwenye dawati la mbele nilisema moyoni, ahsante Mungu, umenikumbuka.

Maana mimi sijasahau. Mpaka leo nakuona sebuleni kwa mama, mkono umefungwa bendeji, umepiga magoti kwenye zulia mbele ya ukoo mzima, unamwomba radhi baba mdogo kwa vioo vyake vilivyovunjika ukivishikilia nyuma ya pikapu. Yeye amejaa kwenye kiti cha marehemu baba kama aliyezaliwa nacho. Ulijaribu kusema kwamba alifunga breki ghafla kwa sababu alikuwa anachungulia simu. Nani alikusikiliza? Yeye alisema ndiyo kwanza anaondoka kwenye taa za barabarani, polepole, kama aliyebeba mayai, nawe huko nyuma ukasinzia ukaachia mzigo. Basi likawa hilo. Mama akakukandamiza bega uiname zaidi. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, naona yote. Ulipofunga begi ukaondoka, nilibaki na kinyongo changu nikakilea kama mtoto. Nimekilisha, nimekiogesha, kimekua.

Na yeye hakutosheka. Kila penye watu ameifanya hadithi hiyo kichekesho chake. Unajua ubahili wake, lile paa la pikapu juu ya kiti cha dereva hakulinyoosha, kwa hiyo anawatoa wageni nje, anawaonyesha vioo vilipoangukia pakabonyea, anawaambia tazameni kazi ya mtoto wa marehemu kaka yangu. Watu wanacheka. Mimi nimesimama mbele ya paa hilo mara nyingi, kaka, nikimtazama anavyolipiga-piga kwa kiganja, na nikajiuliza inawezekanaje mtu ajishitaki mwenyewe hivi na asijue.

Sasa sikia. Tulipofika kwenye somo la kani na mwendo, nilipeleka darasani ubao niliouwekea magurudumu ya sanduku bovu la safari, na mche mmoja wa sabuni. Nikausimamisha mche juu ya ubao. Nikavuta kamba ghafla, sabuni ikaanguka nyuma. Niliwaeleza kwamba kitu kilichotulia hutaka kubaki kimetulia. Chini, msuguano wa ubao umeivuta sabuni iende, lakini juu hakuna kilichoivuta, ndiyo maana imebaki nyuma. Nikausukuma ubao kwa mwendo mmoja wa taratibu, sabuni ikasimama wima mpaka mwisho wa meza. Kisha nikauzuia ubao ghafla kwa mkono. Sabuni ikaanguka mbele, maana kitu kilicho mwendoni nacho hutaka kuendelea na safari yake mpaka kani ikizuie. Wanafunzi walishangilia kama wako uwanjani. Niliwapa kazi ya nyumbani, kila mmoja atafute mzigo uliowahi kuanguka kutoka kwenye gari, aeleze ulianguka upande gani na gari lilikuwa linafanya nini.

Bi Kwanini alinyoosha mkono. Kisha akaushusha mwenyewe. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Haikupita muda baba mdogo akafungua duka la pili la vioo, akaualika ukoo nyumbani kwake tumpongeze. Tulipokwisha kula akatutoa nje kama kawaida, akaanza. Taa, polepole, mayai, usingizi wako, na kiganja juu ya paa. Alipomaliza, binti yake akamuuliza kwa adabu kabisa kama kweli gari lilikuwa ndiyo linaondoka. Akasema ndiyo. Akamuuliza, mbona basi vioo vilianguka mbele? Baba, ulivisimamisha kwa upana, vinatazama mbele, bila kamba. Gari likiondoka vingerudi nyuma. Baba mdogo akacheka, akasema kioo huanguka kinakotaka.

Mtoto akaingia ndani, akatoka na sinia na chupa tupu ya soda imesimama juu yake. Akalisukuma sinia mbele ghafla, chupa ikamwangukia kifuani. Akaisimamisha tena, akatembea polepole kuelekea kwa baba yake, kisha akasimama ghafla. Chupa ikaruka mbele, ikabingirika mpaka kwenye viatu vya mzee.

Laiti ungekuwepo, kaka. Baba mdogo akafoka kwamba alifunga breki kwa sababu mbwa alikatiza barabara, na kwamba mtu yeyote angefunga. Shangazi akamuuliza kama amesikia vizuri, kumbe alifunga breki? Akaanza kubabaika. Mama naye akamwomba, kwa sauti ya chini, achague moja: alikuwa anaondoka au anasimama? Alijibu kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mama akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, na mimi nyuma yake, najikaza nisiruke kwa furaha.

Baadaye alinifuata shuleni, akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, akasema nimemlisha mwanawe sumu. Nikamjibu kwamba nimemlisha somo lililomo kitabuni, kama anataka nitamwazima. Akashusha sauti. Akasema urudi, atakufanya msimamizi wa duka jipya, na mambo yaishe kimyakimya. Nilimwambia hukupiga magoti kimyakimya. Aje sebuleni kwa mama, zulia lilelile, watu walewale, aseme kwa mdomo wake. Aliondoka bila kuniaga. Na yule bahili, kaka, asubuhi yake akalipeleka gari kwa fundi wa bodi, paa likatwe liwekwe jipya.

Hapa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Bi Kwanini alinikuta stoo napanga vifaa, akaniuliza kama somo lile lilikuwa la darasa au lake. Nikamwambia lilikuwa lake. Tangu siku nilipomwona kwenye dawati lile nilijua ataona, na nilijua atauliza mbele za watu, kwa sababu ndivyo alivyo. Nilimtumia mtoto kama nilivyoitumia sabuni. Alilia. Akasema ningemwambia tu, angeuliza vilevile. Baba yake sasa haitikii hata salamu yake. Juu ya mzee sijutii hata chembe, ningerudia kesho. Lakini kwa mtoto iliniuma, nikamwomba radhi. Alifuta machozi, akaniambia paa la zamani bado liko kwa fundi, linasubiri wauza vyuma chakavu. Tulikwenda wote wawili, tukalibeba tumelifunga kwa shuka.

Baba mdogo anakuja Jumapili. Amekubali, maana shangazi amemwambia asipokuja hakuna mtu wa ukoo atakayekanyaga duka lake. Asichokijua ni kwamba paa lake liko ukutani, juu ya kiti cha baba, palipobonyea pametazama mlango. Nilitaka kulitundika mimi, lakini mama alininyang'anya nyundo. Alisema aliyelikandamiza bega lako ni yeye. Akapanda kwenye stuli na goti lake lile bovu, akapigilia misumari mmoja baada ya mwingine, akashuka, akalipiga zulia vumbi likatoka, akalirudisha palepale lilipokuwa.

Njoo, kaka. Panda gari lolote, na mwambie dereva asichezee simu. Bi Kwanini anakusalimu, amekuwekea maswali ya miaka yote hii. Mama naye anakusalimu sana. Anasema ukifika usipige magoti mahali popote ndani ya nyumba hii, hata kama ni kutafuta kiatu chini ya kitanda.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu