Pole ya Dada Furaha

Shoga, nimejifungia jikoni.

Wifi kafiwa na mama yake leo asubuhi. Sebule imejaa watu. Ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu yake, akadhani ni ndugu, akaufungua kwa sauti kubwa ili wote tusikie pole.

Kumbe ni yule Dada Furaha, mhudumu wa kasino ya kwenye simu! Ileile aliyomwapia kaka kuwa ameshaifuta!

"Pole mpenzi wangu, mama amepumzika. Nimekuwekea mizunguko ya bure ya gurudumu, ucheze kidogo upoze moyo."

Ucheze! Marehemu hata hajazikwa, ucheze!

Kaka akauliza, "Huyu kajuaje msiba wetu?"

Wifi akainama. "Nilimwambia. Yeye kila siku ananiuliza hali ya mama."

"Analipwa akuulize, mke wangu! Ukiacha kucheza, utamsikia tena?"

Wifi akanyanyuka, akaingia bafuni na simu yake. Tukasema tumwache alie.

Shoga, hakulia. Tumesikia mlangoni ule muziki wa gurudumu likizunguka, na yeye ananong'ona, "Mama, niombee nishinde."